Kinywa cha Mwingine

Mjukuu wangu wa kike, ambaye husoma shule ya bweni na huja kwetu kila likizo, ana desturi ya kutazama filamu za katuni za Kijapani hadi usiku wa manane. Kwa muda mrefu nilizidharau filamu hizo. Nilizihesabu kuwa ni mambo ya watoto, na mara mbili tatu nilimwamuru azime akalale. Usiku mmoja wa Desemba 2024 nilimkuta ameketi mbele ya kompyuta, analia kimyakimya. Nilipomwuliza kulikoni, akasema kuna mtu amefariki. Nikashtuka. Nikauliza ni nani, ni wa upande wa mama yake?

"Hapana, babu. Ni yule mama aliyekuwa anamsemea Meja."

Marehemu huyo alikuwa Atsuko Tanaka, mwigizaji wa sauti wa Japani, aliyefariki Agosti mwaka huo akiwa na umri wa miaka 61. Shuleni kwao simu haziruhusiwi, kwa hiyo habari ya Agosti ilimfikia binti Desemba. Nikaketi, maana mtoto anayelia haachwi peke yake, hata kama sababu ya kilio chake huielewi.

Meja Motoko Kusanagi ni mhusika wa kisa kiitwacho Ghost in the Shell. Kilianza mwaka 1989 kama hadithi ya picha iliyochorwa na Masamune Shirow, kikawa filamu mwaka 1995 chini ya mwongozaji Mamoru Oshii, na mwaka 2002 kikaanza kuonyeshwa kama mfululizo wa televisheni uitwao Stand Alone Complex. Meja ni mwanamke, kiongozi katika kikosi maalumu cha usalama katika Japani ya wakati ujao. Mwili wake wote ni wa kutengenezwa. Alichobaki nacho cha kuzaliwa ni ubongo tu, pamoja na hicho ambacho wenyewe katika kisa wanakiita roho. Basi kila mara humjia swali kama yeye ni mtu kweli, au ni chombo kilichofundishwa kujidhani mtu. Nakiri kwamba nilipoelezwa hivyo nilisogeza kiti karibu.

Tulitazama pamoja kipande kirefu. Meja alikuwa anazungumza Kiingereza, kwa sauti nzito kidogo, ya mtu asiyependa kurudia jambo. Nikamwambia mjukuu wangu kwamba marehemu alijua Kiingereza vizuri. Akanitazama kwa huruma ambayo vijana wanatutazama nayo siku hizi. "Babu, huyu siye. Huyu ni Mmarekani. Yule alisema kwa Kijapani."

"Kumbe wewe humsikilizi yule aliyekufa?"

"Kijapani sikijui, babu. Nasikiliza hiki cha Kiingereza."

"Na huyu wa Kiingereza yu hai?"

"Yu hai."

"Basi unamlilia nani?"

Alifikiri. Kisha akanijibu neno ambalo limenifanya niandike kurasa hizi. Alisema, "Ni Meja yule yule, babu."

Nimekuwa mwalimu kwa takriban miaka arobaini, na miaka ya mwisho nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Nimeuliza maswali mengi na kusahihisha majibu mengi zaidi. Jibu lile sikuweza kulitia alama ya vema wala ya kosa. Mtu mmoja amesema katika Tokyo, mwingine amesema katika Los Angeles kwa lugha nyingine na maneno mengine, na mtoto aliye Tanzania anasikia mtu mmoja tu. Sasa anayesema ni nani? Na maneno yakiharibika njiani, nani atakayeulizwa?

Siku zilizofuata nilimwomba anieleze habari za huyo Mmarekani. Jina lake ni Mary Elizabeth McGlynn. Ndiye aliyempa Meja sauti ya Kiingereza katika mfululizo ule wa Stand Alone Complex. Katika filamu ya mwaka 1995 Meja wa Kiingereza alikuwa mwanamke mwingine, Mimi Woods. Bibi McGlynn ni mwimbaji pia, na amesikika katika nyimbo za michezo ya kompyuta ya Silent Hill kwa muziki wa Mjapani Akira Yamaoka. Lakini kazi yake iliyonivuta zaidi si ya kusema wala ya kuimba. Kwa miaka mingi amekuwa mwongozaji wa kuingiza sauti, yaani ndiye anayekaa nyuma ya kioo na kuwaongoza wengine wanaposema. Aliongoza toleo la Kiingereza la Cowboy Bebop, mfululizo wa Kijapani wa mwaka 1998 wenye vipindi 26, ulioanza kuonyeshwa katika televisheni ya Marekani Septemba 2001. Wapo wengi wanaosema kuwa toleo lile la Kiingereza halizidiwi na la asili, na watu hao si wepesi wa kusifu. Aliongoza pia Naruto.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Huko Japani waigizaji aghalabu huingia chumba kimoja, wanasimama pamoja mbele ya vipaza sauti, hati mkononi, na kila mmoja humsikia mwenzake akimjibu. Huko Marekani desturi imekuwa tofauti. Mwigizaji huingia peke yake. Anavaa vipokea sauti masikioni na kutazama kipande kifupi cha picha. Anasikia milio mitatu mifupi, ti, ti, ti, na pale ambapo mlio wa nne ungekuwapo ndipo anapoanza kusema. Anayezozana naye katika picha huenda alikwisha kurekodi wiki iliyopita, au hajaja bado. Mara nyingi hata kisa kizima hajakiona. Kwa hiyo mwongozaji ndiye anayembebea kisa kizima kichwani: anamwambia umetoka wapi, unaogopa nini, huyu unayesema naye mlikosana lini. Pasipo mwongozaji, mwigizaji yule ni kama mtu aliyeamshwa usingizini akaambiwa alie msibani, na marehemu hajatajwa.

Halafu kuna mdomo. Picha ilikwisha kuchorwa, na mdomo wa mhusika hufunguka na kufungwa kwa kipimo cha Kijapani. Maneno ya Kiingereza hayana budi kuingia humo humo, yasizidi wala kupungua. Tafsiri iliyo sahihi kabisa huweza kuwa ndefu mno, na mhusika akaonekana anasema huku amefumba kinywa. Basi maneno hubadilishwa. Mfano ambao mjukuu wangu alinipa ni wa Naruto. Kijana huyo ana mazoea ya kumalizia sentensi zake kwa neno "dattebayo", ambalo kwa Kijapani halina maana ya kusimama peke yake. Ni kikolezo cha usemi tu, kama mtu wa kwetu anavyotia "bwana" au "ati" mwishoni. Katika vipindi vya mwanzo vya Kiingereza, vilivyoanza kuonyeshwa mwaka 2005, mahali pake yaliwekwa maneno yenye maana ya "Niamini!" Wako mashabiki walioudhika nayo hata leo. Lakini ukiketi ukafikiri, wangefanyaje? Kulinyamazia neno haiwezekani, maana mdomo unacheza. Kulitafsiri haiwezekani, maana hakuna cha kutafsiri. (Jambo lililonichekesha ni kwamba kijana huyo, mtukutu kuliko wote, husemewa na wanawake pande zote mbili: Junko Takeuchi kwa Kijapani na Maile Flanagan kwa Kiingereza.)

Sisi wenyewe si wageni wa mambo haya. Wakazi wa Dar es Salaam wa rika fulani watamkumbuka Lufufu, aliyewasimulia watu filamu za kigeni kwa Kiswahili, akatia vichekesho na nasaha zake humo humo. Tofauti ni kwamba Lufufu hakujificha. Sauti yake ilikuwa juu ya sauti ya filamu, na kila mtu alijua kwamba sasa anasema Lufufu.

Kujificha ndiko kunakoleta tabu. Plato, katika kitabu cha tatu cha Jamhuri, anamweka Socrates alitazame jambo hili kwa jicho kali. Anachukua mwanzo wa utenzi wa Iliad na kuonyesha kwamba pale Homer anaposimulia kwa nafsi yake hakuna shaka; lakini anapofika kwa kuhani Chryses, anasema kana kwamba yeye mwenyewe ndiye Chryses, na anajitahidi tusikumbuke kuwa msemaji ni Homer. Socrates hakupenda mlinzi wa dola azoee kusema kwa nafsi za watu wengine ovyo. Nilipokuwa nikisoma sehemu hiyo ujanani niliona mzee yule anazidisha ukali. Nilipofika umri wa miaka thelathini na minne nilijua alikuwa anaogopa nini.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha nyanda za juu za kusini. Mwanafunzi wa darasa la tano, mvulana mpole aliyependa hesabu, alivimba uso na miguu. Baba yake aliniomba niandamane nao hospitali, mwendo wa siku nzima, kwa sababu daktari aliyekuwapo alikuwa mgeni, hajafika miezi miwili nchini, na Kiswahili hakukijua. Muuguzi aliyezoea kumtafsiria alikuwa na udhuru siku hiyo. Hivyo nikawa mimi.

Baada ya vipimo daktari alituita chumbani. Alisema kwa Kiingereza, taratibu, kwamba figo za mtoto zimekwisha kuharibika, na kwamba hospitali ile haina namna ya kumsaidia. Akasema apunguziwe chumvi ili uvimbe usimtese. Akasema mtoto apelekwe nyumbani, na kama ana ndugu walio mbali waitwe, kwa maana zimebaki wiki tatu, labda nne. Kisha akanyamaza, akaniachia zamu.

Baba mtu alinitazama. Mtoto alikuwa pale pale kwenye benchi, ananitazama pia. Nami nikasema: "Daktari anasema mpeleke nyumbani apumzike, ale vizuri, chumvi ipunguzwe, na Mungu akipenda figo zitapata nguvu."

Chumvi ndilo neno pekee la kweli nililolichukua. Yule mzee akainuka, akaushika mkono wa daktari kwa mikono yake miwili, akamshukuru sana. Daktari alishangaa. Hakutazamia shukrani ya namna ile. Akageuka kunitazama mimi, nami nikatazama dirishani.

Nimeyafikiria mara nyingi yale yaliyokuwa mbele ya macho ya mzee yule. Uso wa daktari ulikuwa wa huzuni, na maneno yaliyomfikia yalikuwa ya matumaini. Mdomo na maneno havikulingana hata kidogo. Laiti kungekuwa na mwongozaji nyuma ya kioo siku ile, angenisimamisha hapo hapo. Angesema, "Hapana, mwalimu, tazama uso wa huyu unayemsemea, rudia." Ndiyo maana nilipoelezwa kazi ya Bibi McGlynn sikuiona kuwa ni mchezo. Anabadilisha maneno kila siku, hilo ni kweli, lakini uso uliochorwa unambana. Hawezi kumfanya anayelia akasema kama anayecheka. Mimi nilimfanya.

Mzee alirudi nyumbani na moyo mkunjufu. Aliuza ng'ombe mmoja kununua maziwa, mayai na glukosi. Alikuwa na mtoto mkubwa aliyefanya kazi katika shamba la mkonge Tanga; hakumpelekea simu ya maandishi, maana ya nini kumsumbua mtu kazini na mdogo wake anaendelea kupata nafuu? Mvulana alifariki siku ya kumi na tisa. Kaka yake alifika siku nane baada ya maziko. Pale matangani mzee alisema mbele ya watu wote kwamba yule daktari wa kizungu alimdanganya. Wazee waliokuwapo wakatikisa vichwa. Mimi nilikuwa nimeketi mkekani miongoni mwao, mwalimu mkuu, mtu wa kuheshimiwa, na sikufungua kinywa. Kwa muda mrefu baadaye wapo watu wa kijiji kile waliokataa kabisa kupeleka wagonjwa wao kwa daktari yule.

Wenzangu wachache niliowasimulia wamenitetea. Wanasema ilikuwa huruma, tena mtoto mwenyewe alikuwa anasikiliza. Sikatai kuwa huruma ilikuwapo. Pengine lilikuwa jambo jema pia kutomwambia mtoto wa miaka kumi na mbili idadi ya siku zake. Lakini hayo yote ningeweza kuyafanya kwa kinywa changu. Ningeweza kumtoa baba nje, nikamwambia daktari amesema hivi na hivi, halafu nikaongeza: na mimi mwalimu wako nakuambia Mungu hashindwi. Tumaini lingekuwa langu, na likivunjika ningeulizwa mimi. Nilichofanya ni kulitia tumaini langu katika kinywa cha mtu mwingine, kisha lilipogeuka kuwa uongo nikamwachia auchukue yeye. Hakujua hata kwamba ameubeba.

Katika habari za waigizaji hawa wa sauti kuna jambo la majina ambalo limenisumbua. Zamani zile wengi wao hawakutumia majina yao halisi katika kazi hizi. Nyingi zilifanywa nje ya mikataba ya chama cha waigizaji, na mwanachama aliyezifanya aliona heri ajifiche. Yule aliyemsemea Spike, mhusika mkuu wa Cowboy Bebop, ni Steve Blum, lakini aliandikwa David Lucas. Bibi McGlynn mwenyewe, aliyemsemea Julia katika mfululizo huo huo aliouongoza, aliandikwa Melissa Williamson. Siwalaumu, watu walikuwa wanatafuta riziki. Nasema tu kwamba hata jina la bandia ni jina. Mashabiki walilifuata mpaka wakamjua mwenyewe, na leo anayetaka kumsifu au kumlaumu Julia anajua aende kwa nani. Hapa ndipo ninapoona ubaya wa mashine za siku hizi ziwezazo kuiga sauti ya mtu bila yeye kufungua mdomo. Waigizaji wa michezo ya kompyuta wa Marekani waligoma karibu mwaka mzima, tangu Julai 2024, na kubwa walilogombania lilikuwa hilo. Wengine walidhani wanagombania mshahara tu. Nadhani waliogopa pia kusikia siku moja sauti zao zikisema jambo ambalo wao hawakulisema, na watu wakaamini.

Kuna hadithi nyingine ya Meja ambayo mjukuu wangu huipenda. Mwaka 2017 Wamarekani walitengeneza filamu ya kisa hiki kwa watu halisi, na Meja akawa Scarlett Johansson. Filamu ilipopelekwa Japani ilibidi Johansson naye atiwe sauti ya Kijapani, na aliyeitwa kuifanya kazi hiyo ni Atsuko Tanaka. Basi Wajapani walimwona mwanamke wa Kimarekani, na kilichotoka kinywani mwake ni sauti ile ile waliyoizoea tangu mwaka 1995. Nilimwuliza mjukuu wangu: je, huyo naye ni Meja yule yule? Alikunja uso. Akasema filamu ile haikumpendeza sana, lakini sauti ilikuwa yenyewe.

Nilirudi katika kijiji kile mwaka 2003. Nilikuwa na shughuli ya kukagua walimu wanafunzi waliokuwa mazoezini tarafa ile, nami nikajipa ujasiri wa kupanda mlima mpaka kwa yule mzee. Nilimkuta ameketi juani, macho yamepungua nguvu. Alinitambua kwa sauti. Alifurahi, akaamuru nipewe kiti, akaniuliza habari za watoto wangu mmoja mmoja. Nikamweleza. Sikuzunguka. Nilimwambia maneno ya daktari kama yalivyokuwa, na wiki tatu labda nne, na ndugu waitwe, kisha nikamwambia kwamba niliyoyasema mimi yalikuwa yangu.

Alikaa kimya muda mrefu. Alitoa ugoro, akautazama kiganjani, akaurudisha bila kuunusa. Nilitazamia anifukuze. Nilitazamia pia, nikiri, anisamehe.

Akauliza, "Yule daktari aliitwa nani?"

Sikujua. Nilifikiri, nikatafuta, lakini jina halikuja. Tulikuwa tukimwita "Daktari" tu, na wiki zile mbili tatu zilipopita sikuwa na sababu ya kulikumbuka, au nilikuwa na sababu ya kulisahau.

"Miaka yote hii," alisema mzee, "nikipita pale kaburini namtaja. Namtaja kwa ubaya. Sasa nitamtajaje kwa wema, nami jina sina?"

Sikuwa na jibu. Baadaye nilikwenda hospitali ile kuuliza. Daftari za miaka ile ya themanini hazikupatikana, na muuguzi mmoja mzee alikumbuka tu kwamba alikuwa mrefu na alikaa mwaka mmoja na nusu. Nilirudisha majibu hayo kwa mzee kwa barua. Sijui kama alisomewa kama nilivyoandika.

Usiku ule wa Desemba kipindi kilipokwisha, majina yakaanza kupanda katika kioo, meupe juu ya weusi. Mjukuu wangu alinyoosha kidole kukatisha, kama afanyavyo siku zote ili kipindi kinachofuata kianze upesi. Nikamzuia. Nikatafuta miwani. Majina yalipita mbio, ya Kijapani mengi, kisha ya Kiingereza, na kabla sijaiweka miwani sawasawa yakawa yamekwisha.

"Yarudishe," nikamwambia. "Polepole."